Muulize Anko: Nyumbani nina spidi, mezani mikono inatetemeka

Mwezi huu barua za nyanda za juu kusini zimekuja nyingi na karibu zote ni za kyubu, ile ya rangi sita, sijui nini kimewapata watu wangu wa Mbeya na Iringa lakini nimefurahi. Basi ukurasa wote nimewaachia wao, wale wa maswali ya mahusiano mtanivumilia hadi mwezi ujao.

Kamwene Anko. Mi niko form three, kyubu ya tatu kwa tatu naimaliza kwenye sekunde 40 hivi, siku nikiwa vizuri hata 38. Likizo nataka kwenda kwenye mashindano na jamaa zangu ila sijawahi hata kuona yanavyokuwa. Huwa wanafanyaje? Naogopa kuonekana mshamba.
*Kijana wa form three, Iringa mjini*

Kamwene mdogo wangu. Kwanza hizo sekunde 40 usizionee aibu. Mashindano ya kwanza ya dunia yalifanyika Budapest mwaka 1982, hukohuko kwao Ernő Rubik aliyeibuni hii kitu 1974, na kijana aliyeshinda, Minh Thai, alitumia sekunde 22.95, na huyo ndo alikuwa bingwa wa dunia nzima. Siku hizi watu wamechanganyikiwa kabisa, Max Park wa Marekani alipiga 3.13 mwaka 2023, Aprili 2025 mtoto wa China anaitwa Xuanyi Geng akaishusha mpaka 3.05, hao waache na maisha yao, wewe unaenda kupambana na muda wako.

Kinachowaumiza wageni ni meza. Mtu nyumbani anakaa kitandani, kyubu mkononi, anaanza akijisikia, akimaliza anairusha kwenye godoro anaangalia simu, halafu siku ya siku anakuta kuna taima, kuna jaji pembeni, kuna taratibu ambazo hajawahi kuzifanya hata mara moja, mikono inaanza kucheza yenyewe.

Iko hivi. Grupu lako likiitwa unapeleka kyubu yako, ndio unatumia ya kwako mwenyewe, kwenye meza ya wanaovuruga, unarudi kukaa na huruhusiwi kuchungulia kule. Wanaivuruga kwa kufuata karatasi inayotolewa na programu ya kompyuta na wote wa grupu lako mnapata mvurugo uleule, kwa hiyo hamna cha kusema fulani kapewa rahisi, na ndo maana pia ukishamaliza hutakiwi kwenda kumnong'oneza jamaa yako ambaye bado. Kyubu inaletwa mezani imefunikwa. Jaji anakuuliza uko tayari, anafunua, unapata sekunde 15 za kuikagua: unaishika, unaiangalia pande zote, ila usigeuze hata upande mmoja. Zikifika nane jaji anasema, zikifika 12 anasema tena, na hapo kwenye 12 ndo wageni wengi wanaitupa kyubu mezani kama imewaunguza. Tulia, una sekunde tatu nzima. Ukichelewa kuanza ukapitisha 15 wanakuongezea sekunde 2, ukipitisha 17 imekula kwako, wanaandika DNF, yani jaribio hilo halina muda.

Taima sasa. Unaiweka kyubu kwenye mati, unaweka vidole vya mikono yote miwili juu ya taima, viganja vinatazama chini, unasubiri taa ya kijani ndo unanyanyua mikono na saa inaanza kukimbia. Ukimaliza unaiachia kyubu KWANZA halafu unapiga taima kwa mikono yote miwili. Ukipiga huku umeishika bado, sekunde 2 juu yako. Na ukishapiga usiiguse tena mpaka jaji aikague, hata kama umeona upande wa juu umekaa vibaya kidogo, maana ukiugusa unaweza kupoteza jaribio zima. Kama upande umepinda chini ya nyuzi 45 inahesabika umemaliza, ukizidi hapo unaongezewa 2, ile 38.75 yako inakuwa 40.75, inauma ila bado ni muda. Halafu soma namba aliyoandika jaji kabla ya kusaini, ukishasaini usije ukaanza kulia kwamba ilikuwa tofauti.

Majaribio ni matano. Zuri kuliko yote linatupwa, baya kuliko yote linatupwa, yale matatu yaliyobaki wanapiga wastani. Mfano umepata 41.20, 38.75, 52.10, 39.90 na moja DNF: inatoka 38.75 na inatoka DNF, zinabaki 41.20, 52.10 na 39.90, wastani wako 44.40. Umeona? DNF moja haijakuua. Mbili ndo zinaua, wastani wote unakuwa DNF. Kwa hiyo ukiharibu moja usianze kukimbia kama mtu aliyechelewa basi la alfajiri, la maana sasa ni kuimaliza tu kyubu inayofuata.

Mazoezi yako kuanzia leo yafanyie mezani. Weka simu iwe taima, mwambie mdogo wako awe jaji, akutajie nane na 12, akukodolee macho. Na ushamba ondoa shaka, kwenye haya mashindano washiriki wenyewe ndo huwa wanaombwa kuwa majaji na kuvuruga za wenzao, kwa hiyo huyo jaji anayekutisha dakika kumi baadaye unaweza kukuta yeye ndo amekaa kwenye kiti chako anatetemeka.

Habari Anko. Mwanangu ana miaka 11, yuko darasa la tano, muda wote kyubu mkononi mpaka mezani wakati wa kula. Sasa anataka nimpeleke Dar kwenye mashindano ya watu wa WCA. Najiandikishaje, na je ni kweli inasaidia hesabu au nitakuwa nimetupa nauli?
*Mama wa watoto wawili, Uyole*

Nzuri mama, pole na hiyo kelele ya kyubu, najua ilivyo.

WCA ni World Cube Association, chama kilichoanza 2004, ndo kinachosimamia mashindano rasmi duniani. Kwenye tovuti yao kuna kalenda ya mashindano yote yaliyotangazwa, nchi kwa nchi, tarehe kwa tarehe. Kama hilo shindano mwanao analolisema halimo mule basi si la WCA, linaweza kuwa zuri tu na watoto wakafurahi, ila matokeo hayataingia kwenye rekodi, kwa hiyo angalia kwanza kabla hujakata tiketi. Likiwemo, mnafungua akaunti, mnajaza jina kama lilivyo kwenye cheti cha kuzaliwa, sio la utani, tarehe ya kuzaliwa, nchi. Kwa mtoto wewe mzazi lazima uridhie. Kiingilio kinapangwa na waandaaji na nafasi huwa na kikomo, zinaweza kujaa mapema, usingoje wiki ya mwisho. Siku hiyo beba cheti chake au pasi kwa sababu mgeni anahakikiwa. Namba yake ya WCA ataipata baada ya matokeo ya shindano la kwanza kuingizwa, asikusumbue kuitafuta kabla.

Nauli: kutoka Mbeya mpaka Dar ni zaidi ya kilomita 800, usimfikishe asubuhi ya shindano ametoka kulala kwenye siti amejikunja. Afike jana yake, alale kitandani, aamke ale chai. Kama hilo haliwezekani kwa mfuko wa sasa, mi ningesubiri.

La hesabu nakujibu bila kukuzunguka. Usimpeleke kwa kutegemea maksi, mpeleke kwa sababu anaupenda. Vidole vinakuwa vyepesi, anajifunza kukaa na kitu kimoja muda mrefu, anakutana na watu. Huyo Max Park niliyemtaja juu ana usonji, wazazi wake walimpa kyubu akiwa mdogo wakitafuta kumsaidia vidole na namna ya kukaa na wenzake, mengine yote yalikuja baadaye. Ila kwenye meza ya chakula, mama, kyubu inatoka. Hilo halihitaji Anko.

Anko shikamoo. Niko Njombe. Huku Juni na Julai vidole vinakufa ganzi, muda wangu unapanda sekunde sita saba hivi halafu nikishuka Mbeya mjini nakuwa sawa. Nifanyeje?
*Mwanachuo, Njombe*

Marahaba. Hili swali watu wa Dar hawawezi hata kulielewa, wao shida yao jasho.

Baridi inapunguza damu kwenye vidole, misuli inakuwa mizito na hisia ya ncha za vidole inapungua, sasa huu mchezo wote uko kwenye ncha za vidole. Kyubu nayo ina mafuta ndani na mafuta yakipoa yanakuwa mazito, kwa hiyo unakuta mikono mizito na kyubu nzito kwa wakati mmoja. Joto lianze mwilini kabla ya mikononi, vaa sweta na soksi, ukikaa unatetemeka kifua hata ukisugua viganja asubuhi nzima haitakusaidia. Chupa ya plastiki yenye maji ya moto iwe kwenye mfuko wa koti unaishika ukiwa kwenye foleni, glavu zivae mpaka unaitwa. Kyubu itembee ndani ya koti karibu na mwili, usiiache kwenye begi sakafuni, na kumbuka utaikabidhi kwa wavurugaji, itakaa pale mezani itapoa tena kidogo, kwa hiyo zile sekunde 15 za kukagua ishike kiganja kizima.

Kitu kimoja nakukataza kwa ukali. Jiko la mkaa ndani ya chumba mmefunga madirisha, mkae hapo mnafanya mazoezi, HAPANA. Ile hewa ya mkaa haina harufu wala haikuamshi, kila msimu wa baridi inaondoka na watu huku kwetu. Jiko likae nje, mkapashe mikono, mrudi ndani.

Halafu fanya mazoezi ya baridi kidogo pia. Ukijua kwamba asubuhi ya baridi muda wako ni huu na huu hutashtuka ukiuona kwenye taima. Tena ukiwa na baridi geuza taratibu bila kusimamasimama, utashangaa muda haupandi sana, maana kinachokula sekunde ni zile pozi za kutafuta kipande, kasi ya kidole inakuja nyuma yake.

Nimenunua kyubu Mwanjelwa, siku ya tatu imenidondokea, sasa nikipanga zote zinakaa ila pembe moja inabaki imegeuka, fomula zote nimepiga wapi. Nimeuziwa kimeo?
*Dogo wa Soweto, Mbeya*

Hujauziwa kimeo, ilipodondoka pembe ilizunguka palepale ilipo. Kyubu za siku hizi zimelegezwa ili zikimbie na hilo hutokea, hata mezani katikati ya jaribio linatokea. Na fomula haiwezi kuirudisha hata upige mpaka kesho. Ukiifungua kyubu vipande vyote ukavirudisha ovyoovyo una nafasi moja tu kati ya 12 ya kupata kyubu inayopangika, na hizo zinazopangika peke yake ni mipangilio 43,252,003,274,489,856,000, kwa hiyo upande ule mwingine usiopangika ni mkubwa mara kumi na moja ya huo na wewe ulikuwa umeshaangukia huko. Shika hiyo pembe, izungushe kwa kidole palepale mpaka rangi zikae, kwisha. Kwenye mashindano pia kanuni zinaruhusu, ukifika mwisho ukaona imebaki pembe moja imegeuka unaruhusiwa kuizungusha bila kufungua kyubu, saa ikiwa inaendelea kwenda.

Halafu kwa kuwa najua swali linalofuata ni lipi: mafuta ya kula usiweke. Ya kupaka mwilini usiweke. Haya ya dawa ya kutu ya mafundi nayo usiweke, yanaweza kuharibu plastiki. Ni silikoni, tone moja mawili, unaizungusha dakika kadhaa. Kama hujaipata iache hivyohivyo, kyubu kavu inafanya kazi.

Anko naambiwa bila kukariri fomula 78 siwezi kushindana. Kweli?
*Msichana wa form two, Makambako*

Sio kweli. Waliokwambia wanahesabu fomula 57 za kugeuza rangi ya tabaka la mwisho na 21 za kuhamisha vipande vyake, ni za ile njia ya kupanga msalaba wa rangi moja upande mmoja kwanza, halafu matabaka mawili, halafu la mwisho, ambayo Jessica Fridrich aliisambaza sana. Ukilivunja kila zoezi la tabaka la mwisho mara mbili unahitaji 16 tu, kumi za rangi, sita za kuhamisha. Na kama hata hizo huna, njia ya anayeanza, tabaka kwa tabaka, inakubalika kabisa, hakuna jaji atakayekuuliza umepitia wapi. Angalia tu kikomo cha muda kilichowekwa na waandaaji, wakati mwingine wanasema majaribio yako mawili ya kwanza yasipofika chini ya muda fulani humalizii matatu yaliyobaki. Muda wako ukiwa unapita hapo, jiandikishe mdogo wangu. Ningekuwa wewe miezi miwili hii nisingekariri chochote kipya, ningefanya msalaba wangu mpaka naumaliza kichwani ndani ya zile sekunde 15 bila kugusa.

Ndugu mhariri, mimi ni mwalimu wa sekondari. Wanafunzi wanataka shindano la kyubu siku ya michezo. Sina taima zile wala sina mjumbe wa WCA. Naweza?
*Mwalimu, Tukuyu*

Mwalimu unaweza, ila usiliite rasmi. Rasmi lazima awepo mjumbe aliyeidhinishwa na WCA na litangazwe kwao mapema. La shule lako wewe, kanuni chukua zao, vifaa tumia vyako.

Unahitaji wavurugaji wawili makini, hapa weka watoto watulivu hata kama si wenye spidi, maana mvurugo ukikosewa usawa umekufa. Mvurugo unaupata csTimer, ni tovuti ya bure, toa mitano kwa kila grupu uiandike kwenye karatasi, karatasi ifungwe isionekane mpaka zamu ifike. Kila mvurugo ushikwe hivihivi, nyeupe juu na kijani mbele, wakubaliane wote. Vifuniko hata bakuli za plastiki za jikoni zinatosha. Taima, kama huna zile za kugusa, jaji ashike saa ya simu: mtoto anaweka viganja mezani, anaponyanyua jaji anabonyeza, anapopiga meza jaji anabonyeza. Haitakuwa sahihi kwa sehemu ya mia ya sekunde, kwa hiyo msigombane kwa tofauti ya robo sekunde, wakikaribiana sana wape wote nafasi hiyo.

Tahadhari ya Tukuyu peke yake: mvua ikipiga bati hakuna atakayesikia jaji akitaja nane na 12. Majaji waonyeshe kwa mkono mbele ya macho ya mtoto, na mfanye mazoezi ya hilo siku moja kabla. Meza zikae mbali na mlango, wapiga kelele wakae nyuma. Na mwalimu, kyubu zikiwa chache watoto wawili wanaweza kutumia moja, ila wawe grupu tofauti.

Zawadi mimi ningegawa mara mbili, mwenye wastani bora na aliyeshusha wastani wake zaidi kulinganisha na wiki iliyopita, hapo hata mtoto wa dakika mbili anakuja na hamu.

Nina miaka 47, fundi seremala, nimejifunza kwa mwanangu, natumia dakika moja na nusu. Watanicheka?
*Baba, Mafinga*

Hakuna umri wa mwisho kaka, wala wa mwanzo. Utakaa meza moja na watoto wa darasa la tatu na baadhi watakupiga vibaya sana, hilo likubali kabla hujatoka Mafinga. Swali lako mi naona ni mwanga: nyekundu na chungwa kwenye taa hafifu za ukumbini zinafanana, na macho ya miaka 47 yanazichanganya haraka kuliko ya mwanao. Miwani nenda nayo, fika mapema uombe kuangalia kyubu yako pale mezani ukumbini, na kama rangi zinakusumbua kweli nunua kyubu yenye chungwa iliyong'aa zaidi, utaitambua dukani ukiiweka pembeni ya nyekundu.